TAHARIRI: Mbegu Haipandwi Mfukoni mwa Mtu

Ndugu wanachama, ndugu wanakijiji wa Mtumba (maana hata tukiitwa watu wa jiji, sisi bado ni wanakijiji),

Jumamosi ijayo tunakutana katika mkutano mkuu wa chama chetu. Ajenda ya nne ni ya mfuko wa mbegu. Mfuko huo mnaujua. Kila mwanachama alitoa Shs. 50,000 baada ya kuuza alizeti na zabibu, ili mvua zikianza asiwepo mtu wa kuzunguka nyumba hadi nyumba akikopa debe la uwele. Sasa limeletwa pendekezo, limetiwa sahihi na wenzetu kumi na wawili, kwamba fedha hizo zisilale bure benki. Eti zitolewe, zipelekwe kwenye "mradi" unaolipa mara mbili kwa miezi miwili, kisha zirudi kabla ya mvua na faida igawiwe.

Sisi wa gazeti hili tunasema hapana. Na tunataka kueleza kwa nini, polepole na kwa hesabu, maana waliotia sahihi si wezi wala si wajinga. Ni watu waliochoka na jua la Ugogo, wameona njia ya mkato, na aliyewaonyesha njia hiyo ni mtu wanayemwamini. Hapo ndipo penye hatari yenyewe.

AIBU YETU KWANZA

Kabla ya kunyooshea wengine kidole, tuseme la kwetu. Mmoja wetu sisi tunaoandika gazeti hili aliingia katika mchezo wa namna hiyo mwaka juzi. Hakuletwa na mgeni. Aliletwa na mpwa wake, kijana mzuri anayefanya kibarua cha ujenzi. Mpwa alimwambia: "Mjomba, weka Shs. 60,000, halafu tafuta watu watano nao waweke. Ukitimiza watano unalipwa Shs. 150,000." Mjomba akaweka. Wiki ile ile akapata watu wawili: shemeji yake, na mama mmoja jirani anayeuza togwa. Akatumiwa kwenye simu Shs. 30,000, "bonasi ya kuanzia." Akafurahi. Akauonyesha ule ujumbe wa simu pale kilabuni, pale mashineni, hata msibani. Akauza mbuzi wawili akaongeza nafasi nyingine.

Mwezi wa tatu simu ya "kiongozi wa timu" haikupatikana tena. Mpwa naye alikuwa amepoteza, tena zaidi ya mjomba. Fedha za mbuzi zilikwenda, na mbuzi mtu anaweza kufuga tena. Lakini yule mama wa togwa, ambaye zamani alikuwa anamtuma mtoto wake kuazima jembe kwa mwenzetu, hamtumi tena. Wanasalimiana vizuri tu, "Mbukwenyi" na majibu yake, basi. Mwenzetu huyu ndiye aliyetuomba tuandike haya, akasema jina lake tuliache lakini kosa lake tulitaje.

Tuliangalie vizuri kosa hilo. Hakumdanganya mtu kwa makusudi. Aliwaonyesha watu fedha halali machoni pake, aliyolipwa kweli. Kumbe ile Shs. 30,000 ilikuwa chambo, na samaki aliyekamatwa kwanza ndiye aliyegeuzwa kuwa chambo cha wengine.

UPATU WETU NA UPATU WAO

Wako watakaosema: "Mbona upatu tunacheza siku zote? Mbona VICOBA tunavyo?" Swali ni zuri, na matapeli wanalipenda, maana wanajificha ndani yake.

Chukua upatu wa kina mama kumi. Kila wiki kila mmoja anatoa Shs. 10,000, mmoja anachukua Shs. 100,000. Wiki kumi zikiisha, kila mmoja ametoa laki moja na amepokea laki moja. Hakuna aliyepata zaidi ya alichotoa. Faida yake ni kwamba umepata fedha kwa mkupuo, ukanunua bati au ukalipa sare za mtoto. Wote mnafahamiana, na anayefuata mnamjua toka siku ya kwanza.

VICOBA navyo vinagawa faida, lakini faida hiyo ina mahali ilipotoka. Mwanachama alikopa, akarudisha na riba, ikaandikwa kwenye daftari mbele ya wote, na sanduku lina kufuli tatu na watu watatu wenye funguo.

Upatu haramu haufanani na hayo. Hapo unaambiwa utapata zaidi ya ulichotoa, na hakuna aliyelima, aliyeuza wala aliyekopa. Rudi kwenye ule mchezo wa mwenzetu. Watu watano kila mmoja Shs. 60,000 ni Shs. 300,000. Wewe unapewa 150,000. Zinazobaki 150,000 zinapanda juu kwa watu usiowajua. Gunia la alizeti halikuuzwa, hata kreti moja ya zabibu haikutoka shambani. Fedha uliyopewa ni ya yule uliyemleta, na yake atailipwa na yule atakayemleta yeye. Siku watu wapya wakikosekana, wa mwisho wote wamekwisha.

Kwa hiyo swali la kwanza na la mwisho ni hili: FAIDA INATOKA WAPI? Mkulima anajua faida yake imetoka ardhini na mgongoni mwake. Mwenye duka anajua. Mwenye pikipiki anajua. Mtu akikujibu "inatoka kwenye mfumo," au "inatoka nje ya nchi," au "wewe amini tu," basi inatoka mfukoni mwako na mfukoni mwa jirani yako.

HESABU YA WATANO WATANO

Chukueni kalamu. Mtu mmoja anaanza, anatafuta watano. Kila mmoja wa hao anatafuta watano.

Duru ya 1: watu 5
Duru ya 2: 25
Duru ya 3: 125
Duru ya 4: 625
Duru ya 5: 3,125
Duru ya 6: 15,625
Duru ya 7: 78,125
Duru ya 8: 390,625
Duru ya 9: 1,953,125

Ukijumlisha toka yule wa kwanza, hapo tayari ni watu 2,441,406. Mkoa wetu mzima wa Dodoma, kwa sensa ya mwaka 2022, una watu milioni 3 na kidogo, pamoja na watoto wachanga na vikongwe. Duru ya 10 inataka wengine 9,765,625. Mkoa hautoshi. Duru ya 11 inataka 48,828,125. Jumla yote sasa ni 61,035,156. Sensa ile ile ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kwa hiyo katika duru kumi na moja nchi imekwisha. Kama kila duru inachukua mwezi mmoja, hata mwaka haujatimia.

Na hao wa safu ya mwisho, milioni 48 na zaidi, hawana wa kumleta. Ni wanne katika kila watu watano. Tena usidhani hesabu hii ni ya mwisho tu. Simamisha mchezo duru yoyote unayotaka, hata ya pili, utakuta karibu wanne kati ya kila watano wako chini kabisa na hawajaambulia kitu. Si suala la kiongozi mbaya au mwema. Hata angekuwa mtakatifu, hesabu haimruhusu kuwalipa wote.

HAYA YALIKWISHA KUTOKEA

Wazee na watu wazima wanaikumbuka DECI. Kati ya mwaka 2007 na 2009 ilienea sehemu nyingi za nchi. Waliokuwa wakiiendesha walikuwa wachungaji, na maneno yao yalikuwa maneno yetu sisi wakulima: kupanda mbegu na kuvuna. Watu walipanda fedha, wa kwanza wakavuna kweli, habari ikakimbia kama moto wa kiangazi. Mwaka 2009 Serikali ikaingilia kati, viongozi wakashtakiwa, na watu wengi wakabaki na karatasi mkononi. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi hao kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za watu bila leseni.

Wenzetu wa Kenya nao walilia. Kamati iliyoundwa na serikali yao kuchunguza upatu wa namna hii iliripoti kwamba watu zaidi ya 148,000 walipoteza Shs. za Kenya zaidi ya bilioni 8.

Wala si zamani tu. Mapema mwaka 2025 hapa nchini kulikuwa na ile iliyojulikana kama LBL. Watu waliambiwa walipe kwanza, halafu watazame matangazo ya filamu kwenye simu na kulipwa kila siku. Malipo yakakwama, na mwezi Februari Polisi wakatangaza kuwakamata watu waliohusishwa nayo. Jina lilibadilika na simu zikawa za kisasa, lakini mchezo ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya mia. Huko Boston, Marekani, mwaka 1920, mtu mmoja aitwaye Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya nusu ya fedha yao kwa siku 45, akisema anafanya biashara ya kuponi za posta. Biashara hiyo ilikuwa jina tu. Alikuwa anawalipa wa jana kwa fedha za wa leo, mpaka siku ilipomfikia akafungwa.

Tunayataja haya ili msione haya. Waliodanganyika ni maelfu kwa maelfu, wasomi wakiwemo. Aibu iko kwa yule anayejua halafu ananyamaza.

ALAMA ZA KUWATAMBUA

Tangu ujenzi wa Mji wa Serikali uanze hapa kwetu mwishoni mwa mwaka 2018, wageni ni wengi, na wengi wao ni watu wema waliokuja kutafuta riziki. Lakini penye fedha mpya hapakosi kupe. Wanajua nani kauza kiwanja, nani kalipwa zabibu zake, nani kapokea mafao. Sisi tumekutana nao mnadani, kituoni barabarani, katika nyumba za ibada na katika makundi ya simu. Hizi ndizo alama zao:

1. Hasemi ni biashara gani. Anasema "fursa." Ukimwuliza inafanya nini, anakwambia "njoo semina utaelewa." Mwuza nyanya hakuiti semina.

2. Kipato chako kinategemea watu utakaowaleta kuliko kitu utakachouza. Hata kama kuna sabuni, dawa au saa inayouzwa, tazama: je, kuna mtu anayeinunua ambaye hataki kujiunga? Kama wanunuzi wote ni wanachama, bidhaa hiyo ni shuka ya kufunikia upatu.

3. Anaahidi faida kubwa, ya uhakika, kwa muda mfupi. Sisi tunaolima Dodoma tunajua hakuna cha uhakika hata mvua. Anayekuhakikishia mara mbili kwa miezi miwili anakuuzia maneno.

4. Anakuharakisha. "Nafasi zimebaki tatu." "Mwisho ni leo jioni." Jambo la kweli halikimbii. Shamba linaweza kusubiri umwulize mkeo, mumeo au kaka yako.

5. Anakukataza kuuliza. Ukiuliza unaambiwa una "mawazo ya kimaskini," au huna imani. Kuuliza fedha yako inakokwenda si ukosefu wa imani.

6. Anakuonyesha karatasi. Hapa tuwe macho kweli kweli. Cheti cha BRELA kinaonyesha tu kwamba kampuni imeandikishwa. Namba ya mlipa kodi ni ya kodi. Hakuna hata kimoja kinachompa mtu ruhusa ya kupokea amana za wananchi. Ruhusa hiyo ni leseni ya Benki Kuu. Wanaouza hisa na uwekezaji wa fedha wanasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Vikundi vya kukopeshana vinatakiwa kuandikishwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ushirika unasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mwulize ana leseni ya nani, kisha nenda mwenyewe ukaulize. Benki Kuu ina tawi hapa hapa Dodoma mjini.

7. Ukitaka kutoa fedha yako unaambiwa ulipe kwanza. "Ada ya kufungua akaunti," "kodi ya kutolea," "kupanda daraja." Ukisikia hivyo ujue mlango umekwisha kufungwa, wanakukamua la mwisho.

8. Anayekuletea ni mtu wako. Hii ndiyo alama ngumu kuliko zote. Atakuja dada, mpwa, mlezi wa kwaya, mwalimu wa mtoto. Naye hajui. Anaamini. Usimtukane, lakini usimpe fedha kwa sababu ya undugu. Mwambie: "Nakupenda, karibu ule, lakini hela siweki." Utakuwa umemsaidia kuliko ungeweka.

Na tukumbushane: upatu haramu ni kosa la jinai katika nchi hii. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171A, inaukataza. Anayeualika umma kujiunga anaweza kujikuta mahakamani, hata kama mwenyewe alipoteza.

KWA WALE WALIOKWISHA KUINGIA

Tunajua mko. Wengine mmetueleza, wengine tunawaona mnavyokwepa macho. Fanyeni haya. Acheni leo kuleta watu wapya, hata kama mmeambiwa mkileta mmoja tu mtalipwa. Fedha mtakayolipwa ni ya huyo mmoja. Msifute ujumbe wa simu wala risiti za malipo. Pelekeni Polisi, na mwambieni mwenyekiti. Msiongeze hata shilingi mkitumaini kurudisha ya kwanza. Na kama mlimleta mtu, mwendeeni ninyi kabla hajawajia. Mwenzetu tuliyemtaja hapo juu amekwisha kumrudishia mama wa togwa Shs. 20,000, na anaendelea kidogo kidogo. Si sheria iliyomlazimisha. Ni kuishi pamoja.

AJENDA YA NNE

Turudi kwenye mfuko wetu. Ni kweli benki fedha haizai sana. Sisi hatupingi kuitumia ifanye kazi. Wanachama wakitaka, na wajadili mambo yanayoonekana: kununua magunia na mbegu mapema kabla bei haijapanda, kukarabati ghala, kununua mashine ndogo ya kukamua alizeti kwa kushirikiana na chama jirani. Hayo tunaweza kuyaona, kuyashika, kuyakagua na kumwita Afisa Ushirika atushauri. Mashine ikiharibika tunaijua imelala wapi. "Mradi" wa mara mbili ukiharibika, tutamtafuta nani?

Babu zetu waliopita katika njaa ya Mtunya, ile ya mwaka 1917 hadi 1920, walituachia adabu moja: mbegu hailiwi hata tumbo likiuma, maana anayekula mbegu amekula na mwaka ujao. Fedha ya mfuko huu ni mbegu. Imetoka kwa wajane, kwa vijana wanaoanza maisha, kwa wazee ambao hawatalima misimu mingi tena. Mvua haitasubiri "kiongozi wa timu" apatikane kwenye simu.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wote mhudhurie Jumamosi, saa nne asubuhi, chini ya mbuyu wa ghala. Wale kumi na wawili waje na wapewe nafasi ya kusema bila kuzomewa. Waulizwe swali moja tu: faida inatoka wapi? Wakilijibu kwa jibu linaloweza kuandikwa ubaoni na mtoto wa darasa la tano akalijumlisha, sisi tutafuta tahariri hii kwa mikono yetu wenyewe. Wasipoweza, tupige kura ya hapana, halafu tule pamoja.

Aliyesoma amsomee asiyejua kusoma.

USHIRIKA NI NGUVU.

Kamati ya Gazeti la Ukutani,
Mtumba, Dodoma